Herufi tatu za kuangalia kabla ya kulipia gari la mzigo

WANUNUZI wengi wa magari yaliyotumika kutoka Japani, yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, huuliza mambo matatu: bei, hali ya injini na kilomita zilizotembea. Breki huulizwa mwisho, au haziulizwi kabisa. Kwa mfanyabiashara ambaye gari ndilo mtaji wake, kosa hilo linaweza kuondoa gari, shehena na maisha ya watu kwa mara moja.

Wiki hii tunaangalia mifumo miwili inayoongeza thamani ya gari: ABS, unaozuia magurudumu yasifunge, na EBD, unaogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Gurudumu likifunga

Dereva akikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami yenye maji, gurudumu huacha kuzunguka lakini gari huendelea kuserereka. Magurudumu ya mbele yakifunga, usukani haufanyi kazi tena; hata ukiukata, gari huenda lilikokuwa likielekea. Ya nyuma yakifunga kwanza, hatari ni kubwa zaidi, kwani mkia wa gari huja mbele.

ABS hutumia sensa zinazopima mwendo wa magurudumu. Gurudumu linapokaribia kufunga, kompyuta ndogo hupunguza shinikizo la mafuta ya breki, kisha hulirudisha, mara kadhaa kwa sekunde moja. Dereva husikia breki ikitetemeka mguuni. Hapo asiachie wala asipampu, bali akanyage moja kwa moja huku akikwepa kwa usukani.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo huu wa kielektroniki mwaka 1978, katika magari ya kifahari ya Mercedes-Benz. Leo upo hata katika magari madogo ya bei ya chini. Hata hivyo, pikapu na magari ya mizigo ya zamani mengi hayana.

Aidha, ABS haifupishi safari ya kusimama kila mahali. Kwenye changarawe, gari lenye ABS linaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Faida yake kubwa ni kumwachia dereva usukani.

Mzigo na mgawanyo wa nguvu

Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele na nyuma hubaki jepesi. Pikapu tupu huhitaji breki kidogo nyuma. Ikibeba tani moja, magurudumu ya nyuma yanaweza kupokea nguvu zaidi. EBD hutumia sensa zilezile za ABS kupima tofauti hiyo na kugawa nguvu kila breki inapokanyagwa.

Pikapu nyingi za zamani hufanya kazi hiyo kwa vali iliyounganishwa kwa mkono na ekseli ya nyuma. Bodi ikishuka kwa mzigo, vali hufunguka na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hujiumiza bila kujua. Wakiongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi, bodi haishuki tena, na vali huamini kuwa gari ni tupu. Breki za nyuma hunyimwa nguvu siku ileile zinapohitajika, na za mbele hubeba kazi yote na kupata moto, hasa kwenye miteremko mirefu. Ukiongeza springi, mwambie fundi airekebishe vali hiyo. Asiifunge wala kuing'oa.

Kabla ya kulipa

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS lazima iwake, kisha izimike baada ya muda mfupi. Isipowaka kabisa katika gari lenye ABS, shuku kwamba balbu imetolewa ili kuficha ubovu.

Taa ya ABS ikibaki inawaka peke yake, kwa kawaida breki za kawaida bado zinafanya kazi. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, huenda mgawanyo wa nguvu nao umekufa, au mafuta ya breki yamepungua. Usilichukue gari hilo kwa safari.

Angalia pia kama matairi yote ni ya saizi moja, kwani matairi yasiyolingana huzichanganya sensa. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hewani; watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Sensa moja iliyokatika waya si ugonjwa mkubwa, lakini kifaa kizima cha ABS kikiharibika, gharama inaweza kula faida ya miezi. Kwa hiyo mpeleke fundi wa umeme wa magari kabla ya kukubaliana bei, na kila kasoro atakayoiona ipunguzwe kwenye bei hiyo. Muuzaji akikataa gari lisipimwe, tafuta jingine.