Katuni za utotoni, pesa za ukubwani

Mwaka 1962 Shintaro Tsuji, mfanyabiashara aliyeanza na hariri mkoani Yamanashi, Japani, aligeukia ndala za mpira. Ndala ni ndala, hazina siri. Lakini alipozichorea maua, zikaanza kutoka haraka kuliko zile tupu. Mpira ni uleule, mguu ni uleule, kilichoongeza pesa ni ua. Akaajiri wachoraji. Kampuni yake leo inaitwa Sanrio, na mchoro wake uliovuma kuliko yote, Hello Kitty, ulibuniwa na Yuko Shimizu mwaka 1974 na kuingia sokoni mwaka uliofuata, juu ya kipochi cha sarafu kilichouzwa yeni 240. (Wengi tunamwita paka. Sanrio yenyewe inashikilia kwamba ni msichana, na tusigombane na mwenye mali.)

Kipochi kile kilikusudiwa mtoto wa shule. Hakuna aliyekaa ofisini kupanga namna ya kumuuzia binti wa miaka 22 mwenye nywele za kijani, hereni ya puani na viatu vya soli nene kama tofali. Hata hivyo, mteja huyo ndiye aliyekuja kuibeba biashara hii, na alikuja bila kualikwa.

Alionekana mapema mtaani Harajuku, Tokyo. Mwaka 1995 Sebastian Masuda alifungua huko duka la 6%DOKIDOKI, lenye rangi za pipi na vikorokoro vya kitoto kwa watu wasio watoto. Miaka miwili baadaye mpigapicha Shoichi Aoki akaanzisha jarida la FRUiTS, lililoishi kwa picha za vijana wa mtaa huo. Kati yao walikuwamo wafuasi wa mtindo wa dekora: vibanio vya nywele vya katuni vimejazana mpaka paji la uso linapotea, shanga juu ya shanga, mwanasesere ananing'inia begini. Mwanauchumi akiangalia picha zile anaona jambo moja la maana. Kibanio kimoja ni bei ya peremende, ila mtu wa dekora havai kimoja. Mtoto hununuliwa begi moja kwa mwaka na mzazi anayehesabu. Kijana mwenye mshahara wa kwanza hahesabu.

Marekani jambo lilichukua njia nyingine. Miaka ya 1990 vijana wa madisko ya usiku kucha, yale ya muziki wa elektroniki kwenye maghala matupu, walivaa bangili za shanga za plastiki na kubeba mabegi ya dubu. Kisha wakaja wale wa nguo nyeusi na wanja mzito, wapenzi wa muziki wa gothi na baadaye emo. Duka lao lilikuwa Hot Topic, lililoanzishwa California mwaka 1989 na Orv Madden na kuingia soko la hisa mwaka 1996. Mbinu yao ya utafiti wa soko ilikuwa rahisi na ya kijanja: mfanyakazi akienda kwenye tamasha la muziki alirudishiwa pesa ya tiketi, mradi aandike ripoti ya nguo alizoziona. Wauzaji dukani walikuwa na umri na mavazi sawa na ya wateja, kwa hiyo kampuni ilijua kinachotakiwa kabla wakubwa wa viwanda hawajapata habari.

Hapo ndipo ulipofufuliwa mzigo ambao wenyewe walishausahau. Filamu ya The Nightmare Before Christmas ilitoka mwaka 1993 chini ya jina la Touchstone, kwa kuwa Disney iliona giza lake halifai kubeba jina la familia. Fulana na mabegi ya filamu hiyo yakaja kuwa mkate wa kila siku wa Hot Topic, na Disney ikarudi kumkumbatia mtoto wake. Care Bears, dubu waliochorwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kadi za salamu za American Greetings, nao wakaibuka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye fulana za wasichana waliojipaka rangi nyeusi mdomoni. Mwaka 2013 Hot Topic ilinunuliwa na Sycamore Partners kwa takriban dola milioni 600 za Marekani.

Kwa nini kijana anayejifanya kuichukia dunia avae dubu wa upinde wa mvua? Nijuavyo mimi, huanza kwa dhihaka. Anamvaa dubu kama mtu anayemkejeli mwalimu wake wa chekechea. Dhihaka ikikaa mwilini miezi sita huwa mapenzi, na pengine ilikuwa mapenzi tangu mwanzo ila aliona haya. Kwa mwenye duka hiyo ni kazi ya wanasaikolojia. Yeye anaona fulana imetoka.

Biashara yenyewe haihitaji kiwanda. Mwenye mhusika anatoa leseni. Mtengenezaji wa nguo analipa kianzio kilichokubaliwa, kisha mrabaha kwa kila kipande, aghalabu kati ya asilimia 5 na 15 ya bei ya jumla. Tuseme fulana inauzwa dola 25 dukani na ilitoka kwa jumla dola 12. Kwa mrabaha wa asilimia 12, mwenye mchoro anapata kama dola moja na senti 44. Hajanunua pamba, hajalipa fundi, na fulana zisipouzwa hasara kubwa si yake. Kadiri mhusika anavyozeeka ndivyo anavyogharimu kidogo kumtangaza, kwa sababu tangazo lilishafanyika zamani, mteja akiwa na miaka saba mbele ya televisheni. Ndiyo maana majina ya utotoni yanauzwa kama viwanja. Strawberry Shortcake, mhusika wa American Greetings, alinunuliwa na Iconix mwaka 2015 kwa dola milioni 105. Miaka miwili baadaye kampuni ya Kanada, DHX Media, ikamchukua pamoja na sehemu kubwa ya Peanuts ya kina Snoopy kwa dola milioni 345.

Sanrio inatufundisha upande wa pili. Ilimtegemea Kitty kupita kiasi, na mtindo ulipopoa mapato yakateremka mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, ule wa korona, ilipata hasara ya uendeshaji ya zaidi ya yeni bilioni 3. Wakati huo usukani ulikuwa umeshakabidhiwa kwa mjukuu wa mwanzilishi, Tomokuni Tsuji, aliyeingia Julai 2020 akiwa na miaka 31. Alichofanya ni kutoa wahusika wengine uani na kuwaleta sebuleni. Kufikia 2024 sehemu ya Kitty katika mauzo ilikuwa kama theluthi moja tu, na mwaka ulioishia Machi 2025 faida ya uendeshaji ilikaribia yeni bilioni 52.

Mmoja wa waliotolewa uani ni Kuromi, sungura mkorofi mwenye kofia nyeusi yenye fuvu, aliyezaliwa mwaka 2005 kama hasimu wa My Melody mpole. Wasichana wa mtindo wa jirai, neno la Kijapani lenye maana ya bomu la ardhini, walimvaa Kuromi na My Melody mitaani Kabukicho, Tokyo, kwa waridi na nyeusi, macho yamepakwa yaonekane kama yametoka kulia. Sasa kampuni inamtangaza Kuromi kwa nguvu zake zote. Hapa nina shaka. Uasi uliochorwa ofisini ukapewa namba ya bidhaa bado unauzika, lakini thamani yake ilikuwa katika kutoombwa ruhusa.

Matajiri wa Ulaya nao wamo. Mwaka 2009 Lady Gaga alivaa koti la Jean-Charles de Castelbajac lililoshonwa kwa vinyago vya chura Kermit, na mwaka 2021 Gucci ikatoa nguo za Doraemon na Loewe za Totoro, katuni za Kijapani, kwa bei ambayo mwanafunzi wa Harajuku angelipia pango la nyumba. Kisha akaja mwanasesere Labubu wa mchoraji Kasing Lung, anayeuzwa na Pop Mart ya China. Kundi lake la The Monsters liliingiza yuan bilioni 4.81 katika nusu ya kwanza ya 2025, zaidi ya theluthi moja ya mapato ya kampuni. Labubu alichorwa mwaka 2015. Wanaomning'iniza begini leo hawakukua naye, wanakumbuka utoto asiyekuwamo. Kampuni imegundua kwamba haina haja ya kusubiri miaka 20.

Kwetu mzigo huu hufika kwa njia ya mitumba. Belo likifunguliwa Gikomba au Karume, Snoopy na Mickey wanatoka pamoja na fulana za kampeni za wanasiasa wa Marekani, na vijana wa Nairobi na Dar wanaochagua nguo za kizamani kwa jicho kali hujua ipi ya kuosha na kuiuza mtandaoni mara tatu ya bei yake. Mwenye mchoro hapati hata senti, kwa kuwa mrabaha hulipwa mara moja tu, fulana ikiwa mpya. Mabegi mapya ya katuni yaliyopangwa njiani ni habari nyingine. Mengi ni feki, na Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008.

Nasi tuna katuni zetu: vipindi vya Ubongo Kids vilianza kurushwa TBC, Tanzania, mwaka 2014. Mtoto aliyekuwa na miaka saba siku ile sasa anakaribia 20, ana simu na anajinunulia nguo mwenyewe. Fulana ya Ngedere, mhusika wa vipindi hivyo, bado sijaiona Kariakoo.