Unga Mweupe Unaogeuka Buluu

Weupe wa rangi ya ukutani hutokana na titani dioksaidi, na madini yake yalichimbwa kwenye mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, hadi 2024. Mimi ninautumia unga huo kwa betri. Nauchanganya na masizi ya kaboni na gundi, napaka uji wake juu ya karatasi nyembamba ya alumini, kisha nakausha: hiyo ndiyo elektrodi. Lithiamu ikiingia, weupe hutoweka na unga huwa buluu iliyoiva, kwa sababu ya elektroni zinazoandamana nayo na kutua kwenye atomi za titani.

Ninachokitafuta ni lithiamu nyingi kadiri iwezekanavyo. Kwa hesabu ya kemia, kila atomi ya titani ingepokea ioni moja, sawa na miliampia-saa 335 kwa gramu. Anatasi, aina moja ya fuwele ya titani dioksaidi, ikiwa ya punje kubwa hukomea karibu nusu ya hapo. Mwaka 2007 watafiti wa Delft, Uholanzi, walionyesha kwamba punje za nanomita 7 zinaweza kujaa, kwani hali ya kujaa hupenya nanomita chache tu kutoka juu ya punje. Rutili, aina nyingine ya fuwele yake, inanistaajabisha zaidi. Lithiamu hupita ndani yake kwa wepesi upande mmoja tu wa fuwele, hivyo punje kubwa hazipokei karibu chochote katika joto la chumbani, ilhali zile ndogo sana hupokea kwa wingi.

Hata hivyo, siafikiani na wanaoona kusaga kunatosha. Punje ndogo mno hushikana madonge, elektrolaiti, majimaji yanayobeba ioni, isifike ndani. Ioni husafiri kwenye vijitundu vilivyo kati ya punje, na elektroni hupitia masizi, maana unga wenyewe hupitisha umeme vibaya. Ukiikandamiza elektrodi kupita kiasi, vijitundu huziba. Ukiiacha legevu, punje hazigusani. Ikiwa nene na kuchajiwa haraka, tabaka la chini hukosa ioni, hata punje ziwe ndogo namna gani.

Grafiti, inayotumiwa kwa kawaida mahali pa unga huu, hubeba miliampia-saa 372 kwa gramu, lakini hufanya kazi karibu sana na volti ya metali ya lithiamu, na ikichajiwa haraka kwenye baridi, metali hiyo huweza kuota juu yake. Anatasi hupokea lithiamu volti 1.7 hivi juu zaidi, ndipo hatari hiyo huondoka. Usalama huo tunaulipia kwa volti ndogo ya betri nzima, kwa hiyo nafasi yoyote inayobaki tupu ndani ya punje kwa sababu elektrodi ilipakwa vibaya huniuma kweli.