Sura ya Sita: Kifungio cha Pazia

Anayeishi Tororo hahitaji saa ili ajue kwamba mvua ya alasiri imekaribia. Mawingu yanatanda nyuma ya Mwamba wa Tororo, upepo wa baridi unatangulia, na mapazia ya mtaa mzima yanaanza kuruka. Mji huu umeingia katika vitabu vya rekodi kwa sababu ya ngurumo zake: kati ya 1967 na 1976 zilisikika kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka, yaani karibu siku tano katika kila wiki. Hapa kwetu Busia, mjini mpakani, tuko jirani, na hali ya hewa haitofautiani sana.

Sasa fikiria chumba cha kupanga, kile ambacho ni sebule na jiko na mahali pa kulala kwa pamoja. Jiko la makaa liko karibu na mlango ili moshi utoke. Umeme ukikatika, koroboi inawekwa mezani chini ya dirisha. Upepo ule ukiingia, pazia linakwenda moja kwa moja kwenye moto. Mengi ya mapazia tunayonunua sasa ni poliesta, na poliesta ikishika moto huyeyuka na kudondosha matone yanayounguza ngozi. Ndiyo maana sura hii haianzi na rangi wala mapambo. Kazi ya kwanza ya kifungio ni kulizuia pazia lisitembee. Urembo wake nimeupenda miaka mingi, lakini unakuja baada ya hapo.

Wengine hukiita kamba ya pazia, wengine mkanda. Mimi nitasema kifungio, kwa kuwa kinaweza kuwa kamba, mkanda, hata tai ya mtu aliyestaafu.

Kosa ninaloliona katika nyumba nyingi ni mahali pa kufungia. Watu hufunga katikati kabisa, na pazia linaonekana kama gunia lililobanwa kiuno. Funga kwenye theluthi ya chini. Pazia lenye urefu wa sentimita 180 lifungwe sentimita 60 kutoka chini. Pazia la mlangoni, lile linalotenga sebule na chumba, nalipandisha kidogo hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, ili anayepita na beseni la maji asilikanyage.

Baada ya hapo ndipo unapima urefu wa kifungio chenyewe. Usikisie. Mwombe mtu akusanye pazia kwa mkono pale ulipoweka alama, kisha lizungushe kwa tepu ya fundi bila kukaza, ukiacha nafasi ya vidole viwili, na tepu irudi hadi ukutani pale msumari utakapokaa. Kama huna tepu, tumia uzi na uulinganishe na rula ya mtoto wa shule. Pazia jepesi la upana wa mita moja na nusu kwa kawaida litakupa sentimita 45 hadi 50. Lile zito lenye bitana linaweza kufika 70. Nafasi ile ya vidole viwili usiidharau. Pazia likibanwa kila siku mahali pamoja hujenga mikunjo, vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka linajaa ndani ya mikunjo hiyo, jua linaichoma, na baada ya muda kitambaa kinakatika palepale.

Kuhusu malighafi, nianze na ile ninayoipendekeza kuliko zote. Nenda kwenye mitumba, au mivumba kama wanavyosema upande wa Uganda, utafute rundo la tai. Hazina wateja wengi, na bei yake ni ndogo kuliko ya kifungio cha dukani.

"Mama, chukua mbili hizi nikupunguzie."

"Mwanangu, mzee wangu havai tai."

"Si za mzee, mama. Shona za dirisha."

Kijana aliyesema hayo alijua biashara yake. Tai ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 145 hadi 150, kwa hiyo ukiikata katikati unapata vipande viwili vya sentimita 70 na kitu. Ndani yake kuna kitambaa kizito kilichowekwa na mshonaji ili ishike umbo, kile ambacho kwa kifungio kingine ungelazimika kukinunua, kama kile mafundi wanachokiweka kwenye kola. Zaidi ya hayo, tai hukatwa mshazari. Nyuzi za kitambaa zinapita kwa pembe badala ya kushuka wima, na kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbuka na kulala vizuri juu ya kitu cha mviringo. Ukataji huu ulienezwa katika miaka ya 1920 na Jesse Langsdorf, mshonaji wa tai wa New York, ili tai ikifunguliwa shingoni irudi kama ilivyokuwa bila kujipinda. Pazia lililokusanywa nalo ni la mviringo kama shingo.

Fanya hivi. Loweka tai katika maji ya sabuni, usizikamue, zianike kivulini, kisha zipige pasi ukiwa umetandika kitambaa juu. Zikate katikati. Kila tai itakupa kipande kipana na kipande chembamba, ndiyo sababu unahitaji mbili zinazofanana kwa rangi: vipana viwili viende dirisha la sebuleni, vyembamba viwili viende chumbani. Kama kipande ni kirefu mno kwa pazia lako, punguza upande uliokatwa, kamwe usiguse ncha ile ya pembetatu. Kunja upande uliokatwa sentimita moja na nusu kwa ndani na ushone kwa mkono. Weka kitanzi kidogo cha utepe hapo, na kingine nyuma ya ncha, sentimita mbili ndani, kisionekane. Kazi yote ni ya jioni moja.

Njia ya pili ni kusokota. Mkonge unaota kwenye mipaka ya mashamba mengi ya Busia, na katani yake huuzwa sokoni. Kumtazama mama mmoja akisokota kulinifundisha kuliko maelezo yoyote. Alinyosha fungu la nyuzi mbili juu ya paja, akazisukuma kwa kiganja kuelekea gotini hadi zikajikaza, kisha akaziachia zikutane. Zenyewe zikajizungusha upande wa pili na kushikana. Siri ni hiyo tu: kila uzi unataka kujifungua, lakini ukijaribu unamkaza mwenzake, na kamba inabaki imara bila gundi. Anza na nyuzi zenye urefu mara tatu ya kifungio unachotaka, kwa kuwa kukunja na kusokota hula urefu mwingi, na masalio yafanye kishada mwishoni. Katani mpya huchoma na inaweza kukwaruza poliesta, kwa hivyo iloweke kwanza na uisugue hadi ilainike.

Vipande vya kitenge vilivyodondoka chini ya cherehani ya fundi vinafaa vilevile. Kata mikanda mitatu ya upana wa sentimita tano, usuke kama nywele. Anayejua kufuma vitambaa vya makochi anaweza kufuma kifungio kwa uzi uleule, ila akifume mara mbili unene, maana kilichofumwa chembamba hulegea kwa wiki chache.

Kitu kimoja nakikataza. Boda boda ilizaliwa hapa Busia katika miaka ya 1960, watu walipobebwa kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na mpaka leo karibu kila chombo kina blada, yaani ukanda wa tyubu kuukuu wa kufungia mizigo. Ni kamba nzuri kwa gunia la mahindi. Kwenye pazia huacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni, hasa kwa kitambaa cheupe.

Ukuta nao una neno. Nyumba iliyopigwa lipu inashika msumari wa zege bila shida, na saruji haijawa kitu cha mbali huku tangu kiwanda cha Tororo kilipoanza miaka ya 1950. Ukuta wa udongo haushiki. Msumari utasimama siku mbili, upepo utauvuta, na utabaki na shimo. Kwa nyumba hiyo gongomea kwenye fremu ya mbao ya dirisha. Kama fremu haipo, chonga kigingi cha mti mgumu chenye urefu wa kiganja, kipigilie kikielekea chini kidogo kwa upande wa ndani ya ukuta, kisha kizibe pembeni kwa udongo mbichi uliochanganywa na mchanga. Subiri kikauke siku tatu kabla ya kukitundikia chochote.

Asubuhi, kabla ya kufunga, kung'uta pazia. Mbu wa huku hupenda kupumzika mchana kwenye mikunjo yenye giza, na Tororo inajua malaria kuliko wilaya nyingi.

Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au anayelala karibu na dirisha, nakuomba ubadilishe jambo moja katika yote niliyoeleza. Kitanzi kilichofungwa kabisa, kikiwa na nafasi ya kupita kichwa, kinaweza kumnyonga mtoto kimyakimya wakati mama yuko nje na nguo. Shona kifungo cha kubonyeza kwenye ncha badala ya vitanzi, ili kikivutwa kiachie, na usogeze kitanda cha mtoto mbali na dirisha. Usiku pazia likishashushwa, kitoe kifungio msumarini ukiweke juu ya kabati.