Je, Wajua? Bahari ya Lita 60 Sebuleni

Je, wajua kwamba tangi dogo la maji ya chumvi ni gumu kulitunza kuliko kubwa? Wengi huanza na dogo wakidhani ndilo la kujifunzia. Chakula kilichobaki kikioza ndani ya lita 400, samaki hata hawashtuki. Kikioza ndani ya lita 20, asubuhi unakuta maiti. Anza walau na lita 60, na ujue kwamba maji peke yake yatazidi kilo 60 kabla hujaweka mchanga na mawe. Stuli ya plastiki haitabeba.

Je, wajua kwamba maji hupaa lakini chumvi haipai? Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu mambo. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 60 likipoteza lita 3 kwa joto, chumvi yote inabaki kwenye lita 57, na kipimo kinapanda hadi karibu gramu 37. Ukijazia kwa maji ya chumvi, umeongeza chumvi juu ya chumvi. Basi kinachofidiwa kila siku ni maji yasiyo na chumvi. Ya chumvi hutumika pale tu unapotoa maji machafu na kuweka mapya. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo. Maji yakishuka chini yake, jazia.

Chumvi ya jikoni haifai. Asilimia 85 hivi ya chumvi ya bahari ndiyo hiyo hiyo ya mezani, lakini viumbe wanahitaji pia magnesi, kalisi, potasi na vinginevyo vilivyomo kwenye sehemu iliyobaki. Kuna chumvi maalumu ya matangi: unaikoroga ndooni, unapima chumvi kwa hidromita, na ikisoma 1.025 umefika. Lakini usikoroge kwa maji ya bomba yalivyo. Klorini ni sumu kwa samaki, na shaba kidogo tu kutoka kwenye mabomba inatosha kuua kamba na konokono.

Na aliye Tanga au Mombasa, si achote tu baharini? Anaweza. Achote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na midomo ya mito, wala si baada ya mvua kubwa.

Je, wajua kwamba mifugo yako ya kwanza haionekani kwa macho? Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo, ambayo unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye mawe na mchanga. Muda wote huo tangi halina samaki: unatupia chembe za chakula zioze, unapima, unasubiri hadi amonia na nitriti zote zisome sifuri. Muuzaji atakuuzia tangi na samaki siku moja, tena kwa bei ya pamoja. Chukua tangi, samaki mwachie.

Maji ya tangi yanahitaji hewa pia. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alihamisha matumbawe hai kutoka pwani hadi London. Pampu za matangi hazikuwapo, hivyo mtumishi wake wa nyumbani alimimina maji huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Historia imehifadhi jina la bibi. La mtumishi haijalihifadhi. Leo umeme ukikatika usiku, pampu ndogo ya hewa ya betri hufanya kazi ile ile. Inunue kabla ya samaki, kwa sababu maji ya uvuguvugu hubeba oksijeni kidogo, na pwani yetu huhitaji feni juu ya tangi kuliko hita.

Je, wajua kwamba samaki wa baharini hunywa maji mfululizo, ilhali wa mtoni karibu hanywi kabisa? Chumvi humnyonya wa baharini maji mwilini, naye huyarudisha kwa kunywa.

Samaki wa kuanzia? Klauni, yule wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Wote huzaliwa madume. Mkubwa wa kundi hugeuka jike, naye akifa, dume lake hushika nafasi. Filamu ya klauni, Finding Nemo ya 2003, iliiruka sehemu hiyo. Klauni anaishi vizuri bila anemoni, kiumbe anamojificha baharini, na mgeni wa kazi hii asinunue anemoni, kwani hudai mwanga mkali na tangi lililokomaa. Dory, yule wa buluu kwenye filamu hiyo hiyo, hufikia sentimeta 30. Hapana.

Je, wajua kwamba matumbawe yamo kwenye mkataba wa CITES? Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inahitaji vibali. Usivunje mwamba wa matumbawe ukautia mfukoni. Mawe makavu ya dukani hufanya kazi, ila bakteria huchelewa kuyazoea.

Na ukichoka na tangi, usimwage samaki baharini. Samaki-simba mwenye miiba ya sumu ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwamo. Mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida, ambako hakuwahi kuwako, na wataalamu wengi wanaona chanzo ni samaki wa matangini walioachiwa. Sasa yupo kote Karibiani, na huko hapana anayemla kiasi cha kutosha kumpunguza.