Chanjo ya Dengi Isitukute Tungali Tukikisia

Hapa Mji wa Kale, mtu akishikwa na homa huambiwa ni malaria hata kabla hajaketi kitako. Hupewa vidonge, na yakaisha. Ndugu msomaji, mazoea haya ndiyo yatakayotutia mashakani siku chanjo ya homa ya dengi itakapobisha hodi kisiwani Mombasa.

Mwaka 2013, ugonjwa huu ulipozagaa, wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba mtaani Tudor wakapima damu za watu 1,500. Asilimia 13 walikuwa na dengi, au ndiyo kwanza imewatoka.

Kwa nini nalishikilia suala la damu? Virusi vya dengi ni aina nne. Aliyeugua aina moja hukingika nayo, lakini akiambukizwa ya pili huweza kuugua vibaya zaidi. Ufilipino ilianza mwaka 2016 kuwachanja wanafunzi, zaidi ya 800,000, kwa Dengvaxia. Mwishoni mwa 2017 watengenezaji wenyewe wakatangaza kwamba mtoto ambaye hajawahi kuambukizwa huenda chanjo hiyo ikamzidishia hatari ya homa kali baadaye. Mwili wake, yaelekea, uliihesabu sindano kuwa ndiyo homa ya kwanza. Mpango ukasimamishwa, na wazazi wakaitilia shaka hata chanjo ya surua.

Chanjo mpya, Qdenga, ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 2024. Hutolewa mara mbili, kwa kupishana miezi mitatu, na haidai mtoto apimwe kwanza. Hata hivyo Shirika linashauri wapewe watoto wa miaka 6 hadi 16, mahali ambapo dengi imeenea mno. Sasa nani atakayeithibitishia serikali kwamba Mji wa Kale ni mahali pa namna hiyo, ilhali madaftari ya zahanati yamejaa malaria?

Rai yangu ni kwamba Serikali ya Kaunti na KEMRI waanze sasa kupima damu za watoto wa shule, rika kwa rika, tangu Kibokoni hadi Tudor. Fedha za majokofu zisitangulie fedha za vipimo.

Wala tusidhani sindano itatuondolea mbu. Huyu wa dengi huuma mchana, tukiwa nje ya chandarua, na huzaliana katika maji safi. Nasi, kwa ukavu wa mifereji yetu, hatuna budi kuweka maji ndani ya mapipa na mitungi. Ndiye aliyetuletea chikungunya mwaka 2004, kisha tena 2017 hadi 2018, na chanjo ya dengi haiuzuii ugonjwa huo. Asiye na kifuniko cha pipa na alifunge kwa kitambaa. Na wenye dhamana ya maji watueleze mifereji itatoka lini.