Wimbo Huita Watu, Hesabu ya Haki Huwaweka Pamoja

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, kwa wasikilizaji wa Masako na wa njia ya zamani ya Buta, Kisangani. Yameandikwa hapa kama yalivyosemwa.)

  Ninyi baba na mama mliohama makwenu kwa sababu ya vita, mnaolala kwa ndugu au kwa wenyeji wema, poleni sana.

Leo tutazungumza juu ya mambo mawili ambayo si kawaida kuwekwa katika kikapu kimoja: orkesta za muziki na namna ya kuhesabu kura. Mnajua ninyi wenyewe jinsi uchaguzi unavyokuja. Muziki hutangulia. Gari lenye vipaza sauti linapita, fulana zinagawanywa, vijana wanacheza. Matokeo yakitangazwa, muziki umekwisha nyamaza, na watu wanaulizana: "Sisi tuliopiga kura nyingi hivi, mbona hatuna mtu wetu hata mmoja?" Ugomvi mwingi huanzia hapo. Basi tutazame muziki unaweza kufanya nini, na kitu gani hauwezi.

WIMBO ULIOITA MAJINA YOTE

Januari 1960, viongozi wetu walikwenda Brussels, Ubelgiji, kwenye mkutano wa Meza ya Duara, ule unaoitwa Table Ronde. Walikuwa wa vyama vingi, na wengi hawakupatana. Patrice Lumumba alitolewa gerezani ndipo akafika. Alikuwa amefungwa baada ya machafuko ya Oktoba 1959 hapa kwetu Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani.

Wanamuziki walikwenda pia. Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alikuwa na watu wa African Jazz, kati yao mpiga gitaa Nico Kasanda. Lakini kulikuwa na watu wa OK Jazz vilevile, kama Vicky Longomba. Orkesta hizo mbili zilishindana sana mjini Léopoldville. Kule Brussels wakapiga pamoja.

Tarehe ya uhuru ilipokubaliwa, yaani 30 Juni 1960, ukatoka wimbo "Indépendance Cha Cha". Wimbo huo ulitaja vyama na viongozi wa pande mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, bila kumtukana yeyote. Mtu wa Bas-Congo alisikia kiongozi wake akitajwa, mtu wa Katanga vilevile, mtu wa Stanleyville vilevile. Ndiyo maana nchi nzima iliucheza.

HESABU ILIYOFUNGA MLANGO

Mei 1960 wananchi wakapiga kura. Katika Katanga, baraza la jimbo lilikuwa na viti 60. Chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata 25. Wapinzani wake, Cartel ya Balubakat, walifuata karibu sana. Hakuna aliyepata nusu. Ingefaa wakae chini na kugawana kazi.

Sheria ya wakati ule ilitaka theluthi mbili za wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo iundwe. Balubakat wakalalamika juu ya matokeo na kutoka barazani, na kazi ikasimama. Basi katikati ya Juni, Bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria hiyo, ili waliobaki waendelee bila wale waliotoka. Conakat ikachukua karibu nafasi zote za serikali ya jimbo. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Vita vikawaka kaskazini ya Katanga, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikuwa wamekimbilia ulinzi wa Umoja wa Mataifa mjini Elisabethville.

Sisemi vita vile vilitokana na hesabu peke yake. Kulikuwa na shaba, kulikuwa na wageni wenye faida yao. Lakini angalieni: sheria ikibadilishwa mchezo ukiwa umeanza, aliyeachwa nje hawezi kuamini tena kwamba kura yake ina maana. Wimbo ulikuwa umewataja wote. Hesabu ikawaacha wengine mlangoni.

WIMBO WA JINA MOJA

Miaka 24 baadaye, mwaka 1984, Franco na TPOK Jazz walitoa wimbo "Candidat na biso Mobutu". Ilikuwa orkesta kubwa, na gitaa lake halikuwa na mfano. Lakini katika uchaguzi wa mwaka ule mtu wa kuchaguliwa alikuwa mmoja tu, na alitangazwa mshindi kwa zaidi ya 99 kwa mia. Je, muziki mzuri uliufanya uchaguzi ule kuwa wa haki? Hapana. Mahali ambapo jina ni moja, hakuna kuchagua.

Kwa hiyo tusimpime mgombea kwa orkesta aliyoileta. Orkesta ni ya kutuamsha. Ukishaamka, uliza: watu ni wangapi wa kuchagua, na kura zitahesabiwaje?

HABARI ZA IRELAND YA KASKAZINI

Sasa twende mbali kidogo, hadi Ulaya, maana nako watu wa kijiji kimoja waliuana.

Katika Ireland ya Kaskazini kuna jamii mbili kubwa. Wengi wa Waprotestanti wanataka kubaki na Uingereza. Wengi wa Wakatoliki wanataka kuungana na Ireland ya kusini. Mwanzoni walipewa namna ya kupiga kura iliyowapa wachache nafasi yao. Lakini mwaka 1922 iliondolewa katika halmashauri za miji, na mwaka 1929 ikaondolewa katika bunge lao.

Mji wa Derry ulionyesha matokeo yake. Wakatoliki walikuwa wengi mjini, lakini mipaka ya mitaa ilichorwa kwa ujanja. Wapiga kura wengi wa Kikatoliki walirundikwa katika mtaa mmoja, na halmashauri ikawa na viti 12 vya upande wa wachache na viti 8 vya upande wa wengi. Tena, katika kuchagua halmashauri, kura ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji mkuu pamoja na mwenzi wake. Aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya mwingine hakuwa na kura. Mtoto mkubwa aliyeishi kwa wazazi hakuwa na kura. Ninyi mnaolala kwa wenyeji mnaelewa mara moja jambo hilo.

Watu wakaandamana. Tarehe 5 Oktoba 1968 polisi waliwapiga waandamanaji wa Derry. Baada ya hapo vikaja vita vya karibu miaka 30, vilivyoua watu zaidi ya 3,500.

Tarehe 10 Aprili 1998 wakubwa wa pande nyingi walikubaliana, na wananchi wakaitwa kusema ndiyo au hapana. Wengi waliogopa. Siku 3 kabla ya kura, yaani 19 Mei, orkesta mbili za huko zilipiga muziki mjini Belfast mbele ya vijana: U2 kutoka Dublin, na Ash, vijana wa kaskazini kwenyewe. Mwimbaji wa U2, Bono, akawaita jukwaani David Trimble wa upande mmoja na John Hume wa upande mwingine. Wakapeana mikono, naye akainua mikono yao juu. Tarehe 22 Mei, watu 71 kwa mia wakasema ndiyo.

Lakini sikilizeni sawasawa. Orkesta hazikuleta amani peke yake. Makubaliano yale yalikuwa na hesabu ya haki ndani yake. Juni mwaka uleule walichagua wajumbe 108, sita kwa kila eneo. Mpiga kura aliandika 1 kwa mtu anayempenda kwanza, 2 kwa wa pili, 3 kwa wa tatu. Wa kwanza wako akikosa, au akiwa na kura za kuzidi, kura yako inaweza kumsaidia wa pili. Hivyo mgombea hawezi kutukana kijiji cha jirani, maana anaihitaji namba 2 ya jirani. Na kazi za mawaziri hugawanywa kati ya vyama vikubwa vya pande zote mbili. Serikali yao imevunjika mara kadhaa tangu hapo, lakini hawakurudi katika vita vile.

Ireland ya kusini wanatumia namna hiyohiyo ya kupiga kura. Mwaka 1959 na tena mwaka 1968 serikali yao iliomba wananchi waiache, na mara zote mbili wananchi walikataa. Walijua faida yake.

KURA ZETU ZINAHESABIWAJE?

Wazee, nawaomba mwelewe jambo hili, kwa sababu watu watakuja kuwauliza barzani.

Kwetu, katika eneo lenye kiti kimoja cha ubunge, mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye anayepita. Penye viti vingi, viti hugawanywa kwa orodha za vyama. Tuchukue mfano wa kufundishia. Eneo lina viti 4, na kura 10,000. Gawanya 10,000 kwa 4: kila kiti kina bei ya kura 2,500. Orodha ya kwanza ina kura 4,700, ya pili 3,000, ya tatu 1,400, na mgombea huru peke yake ana 900.

Ya kwanza inapata kiti 1, zinabaki kura 2,200. Ya pili inapata kiti 1, zinabaki 500. Viti viwili bado. Vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa: ya kwanza kwa 2,200, na ya tatu kwa 1,400. Mwisho ni 2, 1 na 1. Kama ingekuwa mwenye nyingi achukue vyote, orodha ya kwanza ingepata viti 4, na watu 5,300 wangebaki bila msemaji.

Sasa, ndani ya orodha, kiti ni cha mgombea aliyepata kura nyingi zaidi ya wenzake wa orodha ileile. Hapo ndipo watu hukasirika. Mtu wa orodha ya pili anaweza kuwa na kura 1,300 zake mwenyewe na akakosa, kwa sababu orodha yake ina kiti 1 na mwenzake ana 1,500. Na mtu wa orodha ya tatu akapita kwa kura 700. Je, ni wizi? Si lazima. Wizi upo, nao ushitakiwe kwa ushahidi. Lakini kabla ya kuchukua panga, chukua kalamu uhesabu.

Tangu sheria ya Desemba 2017 kuna kizingiti pia. Orodha isiyofikisha 1 kwa mia ya kura za nchi nzima haigawiwi viti vya Bunge la taifa. Wanaokitetea husema vyama vimekuwa vingi mno. Wanaokipinga husema mtu anayependwa na watu wake anaweza kukosa kiti kwa sababu chama chake ni kidogo kwingine. Hoja zote mbili zina uzito, na ni haki yenu kuzijadili mapema, kabla ya siku ya kura.

Hata kura ya rais ilibadilishwa. Mwaka 2006 tulipiga mara mbili: duru ya pili Joseph Kabila alipata 58 kwa mia, Jean-Pierre Bemba 42. Januari 2011 Katiba ikabadilishwa, duru ikawa moja. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa 38.57 kwa mia. Duru moja haina gharama kubwa. Duru mbili humlazimisha mshindi kutafuta marafiki nje ya watu wake.

ALIYEHAMA ANAPIGA KURA WAPI?

Desemba 2018, watu wa Beni, Butembo na Yumbi hawakupiga kura pamoja na wengine. Zamu yao iliwekwa Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha apishwa tangu Januari. Desemba 2023, Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakupiga kwa sababu ya vita. Na hapa kwetu Tshopo, tangu mwaka 2023 ugomvi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umewatoa watu wengi makwao.

Hesabu ikiwa nzuri namna gani, haimhesabu mtu ambaye jina lake halimo. Kwa hiyo, mliohama, tunzeni kadi ya mpiga kura kama mnavyotunza mbegu. Waandikishaji wakija, ulizeni: jina langu litakuwa kituo gani, huku niliko au kule nilikotoka? Na ninyi wenyeji wa Masako, msiseme mgeni akiandikwa atawaondolea kiti. Msimwandike asiyestahili, wala msimfiche anayestahili.

KAZI YETU

Machifu na makapita, mkiitisha watu barzani, fanyeni mambo matatu. Kwanza, wagombea wote wapewe uwanja uleule na saa zilezile, mwenye orkesta na asiye nayo. Pili, chagueni vijana wa jamii zote wanaojua hesabu, wafuate kura zinapohesabiwa na kunakili matokeo yanayobandikwa kituoni. Tatu, kabla ya siku ya kura, wagombea waahidi mbele ya watu kwamba aliyekosa atapeleka malalamiko mahakamani, na aliyepata hatawasahau waliomnyima kura.

Orkesta ya Kabasele ilikuwa na gitaa, ngoma na sauti nyingi. Hakuna aliyemwambia mpiga ngoma aondoke kwa sababu waimbaji ni wengi kuliko yeye. Tuchezeni, ndugu zangu, lakini tuhesabu pia.

 Mkae kwa amani.