Mkaa na Iodini Katika Vyombo vya Angani



Usiku mmoja, darasa lilipokwisha katika madrasa yetu ya Tandika, Temeke, mwanafunzi wa miaka kumi na miwili alituuliza: "Maalim, ile setilaiti ya Wakenya iko wapi sasa?" Tulimjibu kwa ukali kwamba hayo si maswali ya madrasa. Mtoto akainamisha kichwa, wala hakuuliza tena. Jambo hili limetukaa moyoni, na twaona ni deni juu yetu kumtafutia jibu na kulieleza mbele ya wazazi na vijana.

Setilaiti hiyo, iitwayo 1KUNS-PF, ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nacho kilisaidiwa na Wataliana na Wajapani. Ilikuwa kama kisanduku chenye upande wa sentimita 10, ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi wa Mei, 2018, kiasi cha kilomita 400 juu ya ardhi.

Je, iko wapi? Imekwisha ungua. Huko juu hewa ni nyembamba mno, lakini haikwisha kabisa. Humpunguzia mbio kila apitaye, naye hushuka kidogo kidogo mpaka afike penye hewa nzito na kuteketea. Kisanduku kile hakikuwa na injini ya kujirudisha juu.

Basi kwa nini kisitiwe injini? Kwa sababu mafuta ya roketi ni mazito, na chombo kidogo hakina nafasi. Ndipo wataalamu wakatumia umeme wa jua. Mtoto aachiapo puto siku ya Idi, hewa hutoka nyuma, nalo puto huenda mbele. Injini ya umeme nayo hutupa nyuma chembe za gesi zilizotiwa umeme, kwa mbio kubwa kuliko moshi wa roketi yoyote ya mafuta; hivyo gesi kidogo hufanya kazi nyingi.

Gesi iliyozoeleka ni zenoni, nayo ni ghali na hutaka mtungi wa kuhimili shindo. Lakini mnamo Novemba 2020 setilaiti ya Kichina ilirushwa ikiwa na injini ya kampuni ya Kifaransa iitwayo ThrustMe, itumiayo iodini. Ile ile tuipakayo kwenye vidonda. Iodini ni yabisi, haihitaji mtungi wa namna hiyo. Ikipashwa moto hugeuka mvuke. Ili isimeguke safarini, waliitia ndani ya kauri yenye vitundu vingi, kama maji ndani ya sponji. Msukumo wake haukuzidi uzito wa punje chache za mchele. Lakini haba na haba, setilaiti ile ya kilo 20 ilibadilisha kimo chake kwa zaidi ya kilomita 3.

Liko na jambo la mkaa. Injini ikitupa chembe zenye umeme wa namna moja tu, chombo hubaki na umeme wa namna ya pili, na chembe zile hurudi kukivamia. Hapana budi kutoa elektroni za kusawazisha. Katika chombo LISA Pathfinder, kilichorushwa mwaka 2015, kazi hiyo ilipewa mirija ya kaboni, asili moja na mkaa wa jikoni mwetu, ambayo unene wake hupimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Ncha zake ni nyembamba hata hutoa elektroni bila kupashwa moto.

Wazazi wenzetu, tusimkate mtoto aulizaye. Kusema "sijui, nitatafuta" hakumvunjii mwalimu heshima yake; kumnyamazisha mwanafunzi ndiko kumvunjiako.

Yule mtoto tumemwita, tukamtaka radhi, tukamweleza haya yote. Alisikiliza, kisha akauliza: "Na iodini ikiisha, Maalim?" Tukamwambia: chombo kitashuka kama kile cha kwanza, kwa hiyo mwendeshaji mwema huweka akiba, akakishusha mwenyewe kabla hakijawa kero kwa vyombo vya wengine.

Wabillahi tawfiq.